Wema Usiobisha Hodi

Sehemu ya tisa

Waliokuwa nami tangu mwanzo wanajua nilivyopoteza mume, kisha kazi, kisha mama. Kwa wewe uliyelifungua gazeti leo nitasema kwa kifupi, maana sipendi kulilia jambo moja mara mbili.

Jina langu Torgunn. Mume wangu Steinar, fundi seremala, alimfuata mwalimu wa kwaya akaenda zake kaskazini. Kiwanda cha samaki nilichokitumikia kikafungwa. Kisha mama akafariki, akatuachia mimi na mdogo wangu Oddvar nyumba ya mbao hapa Bergen, juu kilimani, katika Kichochoro cha Lami, ambako hupandi ila kwa miguu yako. Nimezaliwa humo na nilitaka nifie humo.

Oddvar naye kazaliwa humo. Lakini yeye yuko Stavanger kwenye kazi za mafuta, na anataka nusu yake. Benki imekataa kunikopesha nimlipe. Akasema tuuze kwa hiari, au twende mahakamani iuzwe kwa lazima.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hawakumjua Oddvar.

Wiki jana niliwaacha pale dalali alipoingia mlangoni na kopo la rangi nyeupe. Anaitwa Eskil, kijana mwenye viatu vyembamba na meno mengi. Siku chache tu, nyumba ya mama ikawa kama chumba cha daktari wa meno. Mito aliyoifuma kwa mkono wake ikatupwa chini kwenye stoo. Picha ya babu ikageuzwa uso ukutani, kisha ikaondolewa kabisa. Mezani pakawekwa bakuli la malimau.

"Malimau ya nini?" nikauliza.

"Ya kutazamwa, mama."

"Hayaliwi?"

"Hapana. Yanaleta mwanga."

"Mwanga unaletwa na dirisha, kijana. Lipo pale tangu enzi za bibi yangu."

Akacheka, lakini malimau hakuyaondoa. Akasema Jumapili ndiyo siku ya watu kuja kuitazama nyumba, na ingekuwa vizuri nikatembee mjini mpaka wamalize.

"Wateja huwa hawajisikii vizuri wakimwona mwenye nyumba," akasema.

"Na mwenye nyumba je, akiwaona wateja?"

"Ndiyo maana nasema utoke, mama."

"Sitoki."

Meno yakapungua kidogo. "Basi kaa jikoni. Nitaleta maandazi ya iliki tuyapashe moto kwenye oveni. Harufu ya maandazi huuza nyumba kuliko mimi."

Nikasema sawa, nitakaa jikoni. Sikumwambia nitakaa jikoni nikifanya nini.

Kabla sijaifikia Jumapili yenyewe, lazima niwaambie habari ya benchi, la sivyo hamtaelewa aibu iliyotukuta.

Pale ngazi zetu zinapoanzia, chini kabisa, kuna benchi la mawe. Ukiwa na mzigo unaokushinda, unauacha hapo na kwenda zako juu. Atakayepita mikono mitupu ataubeba, auweke mlangoni kwako, aendelee na safari yake. Habishi hodi. Hasubiri ahsante. Kuni, unga, godoro, hata jeneza la mama lilishuka kwa mtindo huohuo, mikono ikipokezana, na mpaka leo sijui hesabu ya waliolishika.

Mama alikuwa akisema, "Ukibisha hodi, umeshadai shukrani."

Huku kwetu ukimshukuru mtu kwa kukubebea, ananuna wiki nzima. Ndivyo tulivyolelewa. Wema tunaufanya kama watu wanaoiba.

Basi Jumamosi nilitoka sokoni na gunia la viazi, goti likagoma. Nikaliacha gunia kwenye benchi. Jumapili asubuhi nikalikuta limefika. Ila halikuwekwa mlangoni. Liliwekwa nyuma, chini ya ngazi ya uani, mahali pasipofikiwa na mvua.

Nikasema moyoni, jirani yangu Mzee Hallstein huyo, nani mwingine. Nikaendelea na yangu.

Yangu yalikuwa samaki wa chumvi. Eskil alipoyaingiza maandazi kwenye oveni, mimi nikaweka kikaango jikoni na kuanza kukaanga. Kwa vitunguu. Nyumba nzima ikanuka kama chombo cha wavuvi kilichokosa bandari.

"Mama, tafadhali!" akaninong'oneza, macho yakimwiva.

"Nyumba hii nusu yangu," nikamjibu. "Nakaanga kwenye nusu yangu."

Wateja wakaanza kuingia, wamevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, wanatembea kama bata. Wote walipita pale kwenye benchi, na kulikuwa na tita la kuni za jirani yangu Wenche lililolowa tangu asubuhi. Hakuna aliyeligusa.

Majirani nao wakaja, maana kwetu nyumba ikifunguliwa kutazamwa hata asiyenunua huja kunywa kahawa ya dalali. Wenche alitangulia. Huyu anakaa nyumba inayotazamana na yangu, karibu kiasi kwamba tunapeana chumvi dirishani. Aliendesha mabasi ya mji huu mpaka alipostaafu, na bado anaongea kama anayeshindana na injini. Nyuma yake Mzee Hallstein, aliyekuwa akiendesha winchi bandarini, mgane, mwenye kofia asiyoivua hata kanisani.

"Shoga," Wenche akaniambia sikioni, "leo wakitoka hapa hawatataka tena kusikia neno kilima."

Tulikuwa tumepanga hivyo. Tungewaambia ukweli mtupu, wakimbie wenyewe.

Kulikuwa na mume na mke kutoka Oslo. Mwanamume ana ndevu zilizochongwa vizuri, mwanamke anapapasa kuta kama anayetafuta mapigo ya moyo. Wenche akawavamia.

"Mnajua gari haliji huku?"

"Tumeona," akasema mke.

"Friji mtabeba mgongoni. Kitanda mgongoni. Mkiugua, nanyi mtabebwa mgongoni."

"Na panya wapo," akaongeza Hallstein. "Wakubwa. Wana ukoo wao humu, wametangulia sote."

Mume akatabasamu. "Na nyumba zenyewe ni za zamani kiasi gani?"

Hapo Mzee akajisahau. Mtu akimuuliza Hallstein habari za kilima, umemfungulia bomba.

"Sikiliza, mwanangu. Babu yangu alikuwa mpagazi bandarini. Huku juu walikaa wapagazi, mabaharia na wafua nguo, watu walioshindwa kulipa kule bondeni. Lami ya kupaka mashua ilichemshwa hapo nje, ndiyo jina la kichochoro. Maji ya kuchota konani, choo kimoja nyumba nne. Mandhari haikuwa na bei. Ilikuja pamoja na upepo, na upepo hakuna aliyeutaka."

"Na moto?" akauliza mke. "Nimesoma kwamba mji uliungua."

"Uliungua, tena si mara moja. Mara ya mwisho ile kubwa, maduka ya matajiri yaliteketea kule chini, na bibi zetu walisimama hapahapa na ndoo na mablanketi yaliyolowa, wakizima cheche paani. Nyumba hii unayoipapasa iliokolewa na bibi yake Torgunn, kwa shuka lake la kitandani!"

Mke wa Oslo akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaivuta ile harufu ya samaki wangu mpaka kwenye kitovu.

"Jamani," akamwambia mumewe. "Ni halisi kabisa."

"Halisi!" akasema mume.

"Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Mimi na Wenche tukatazamana.

Yule mke akaja jikoni, akaniomba aonje. Nikampa kipande chenye miiba mingi. Akala chote. Akaishika droo ya meza yangu ya jikoni, akaivuta, ikakataa. Akavuta tena.

Meza hiyo aliitengeneza Steinar kwa mikono yake, ndoa ikiwa bado mbichi. Droo yake hukwama mvua ikinyesha, na Bergen mvua hunyesha hata siku iliyoapa kutonyesha. Dawa yake ni moja. Unaiinua kidogo, kisha unaipiga nyonga. Tulikuwa tukicheka sana na Steinar siku hizo, nikiipiga nyonga droo, naye akiniambia hilo pigo ndilo lililomwoa.

Mwanamke wa Oslo hakuambiwa siri hiyo na mtu. Nilimtazama akivuta, nikaendelea kukaanga.

Walipoondoka wote, Eskil aliketi kwenye ngazi, viatu vyake vyembamba vimelowa, akaniangalia kama mtu aliyemwona malaika.

"Mama, nilitaka kukukaripia."

"Nikaripie."

"Hapana. Umeniuzia nyumba! Samaki, yule mzee na ndoo zake, yule mama wa mgongoni... Nimeandika kwenye tangazo 'nyumba yenye historia', lakini nyie mmewapa historia inayotembea. Simu yangu haipoi."

Nikarudi jikoni kuzima jiko.

Tulikuwa tumetoka kukifukuzia kilima wanunuzi, kumbe tumekipigia debe. Shida zetu zote, maji ya konani, choo cha nyumba nne, bibi na shuka lake, vilikuwa vimeongezwa kwenye bei. Nilimtupia paka wa jirani maandazi ya iliki yaliyobaki. Hata paka hakuyataka.

Jumatatu asubuhi mnada ukaanza.

Mnada wa nyumba kwetu hauna nyundo wala ukumbi. Kila mtu yuko kwake na simu yake, anamtumia dalali bei na saa ambayo bei hiyo inakufa. Ukishatamka, umefungwa mpaka saa hiyo ipite. Muuzaji akisema ndiyo kabla yake, nyumba ni yako na kulipa ni juu yako, hakuna cha nilikuwa natania. Na dalali hamtaji mtu. Unashindana na kivuli mpaka mwisho.

Nilikaa jikoni, simu mbele yangu, pembeni ya malimau. Sikuwa na cha kufanya ila kutazama watu wakigombania mahali nilipojifunzia kutembea.

Wale wa Oslo walianza na bei ya tangazo. Mtu akawapita. Wakapanda. Akatokea mwingine akawapita tena, kwa pupa. Baadaye Eskil akapiga simu kusema Oslo wamejitoa.

Nikapiga ngumi mezani kwa furaha. Furaha haikudumu.

"Lakini wamebaki wawili, mama, na hawa si watu wa mchezo. Mmoja akiweka laki, mwenzake anaweka laki. Hawapumui!"

"Ni akina nani?"

"Unajua siruhusiwi."

Simu ikalia tena, bei imepanda. Ikalia tena. Oddvar akanipigia, sauti imejaa sukari.

"Dada yangu! Unaona? Unaona nilivyokuambia? Mama angefurahi!"

"Mama angekuchapa."

"Dada, usiwe hivyo. Nusu yako pia inapanda."

"Nusu yangu ni mlango, Oddvar. Na dirisha la kupeana chumvi. Hiyo haipandi."

Nikamkatia. Nikasimama dirishani nikawalaani wale wawili nisiowajua. Nikawaombea wapate mafua ya kilima, panya wawili wawili, na fundi wa bomba asiyepokea simu. Niliwatukana kwa majina niliyojifunza kiwandani, na sioni haya kuyakiri.

Bei ilipofika milioni sita za krona, simu ikanyamaza. Eskil akaandika kwamba wa kwanza ametaja milioni sita na bei yake iko hai hadi saa sita mchana. Oddvar ameshakubali. Inasubiriwa sauti yangu.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi."

Sikumbuki mara ya mwisho mtu wa kichochoro kubisha hodi kwangu. Siku mama alipokufa hawakubisha. Nilikuta supu mlangoni, sufuria imefunikwa taulo.

Nikafungua. Mzee Hallstein amesimama, kofia mkononi. Nilishtuka kuliona kichwa chake, kilivyo cheupe.

"Mzee, kuna msiba?"

"Torgunn, binti yangu." "Naomba kukaa."

Nikamkalisha. Akayatazama malimau kwa muda mrefu.

"Nimefanya jambo," akasema. "Nilitaka ulikute limefanyika, basi. Nilitaka nikununulie, ubaki humu, tusiongee tena habari hiyo."

"Uninunulie nini?"

"Hii." Akapiga meza kwa kidole. "Nilidhani wale wa Oslo watachoka mapema. Wakachoka. Lakini kuna shetani mmoja, sijui katoka wapi, kila nikiweka anaweka. Na mimi nikasema, haiwezekani nyumba ya mama yako Borghild ichukuliwe na shetani. Nikaweka. Akaweka. Nikaweka."

Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

"Mzee. Milioni sita ni wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Utazitoa wapi?"

"Nitauza kwangu," akasema, kama anayesema atauza baiskeli. "Benki imeishikilia nyumba yangu tayari. Nitahamia huku darini kwako. Sili sana."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, yote kwa pamoja. Kabla sijaamua, mlango ukafunguliwa bila hodi na Wenche akaingia mbio, simu juu, nywele zimesimama.

"Torgunn! Nimeshindwa, shoga, nisamehe! Nilikuwa nakununulia kimyakimya, nimeweka pensheni, nimeweka nyumba ya mwanangu, nimeweka kila kitu, lakini kuna ibilisi mmoja ananipanda kichwani kila nikigeuka! Sijui ni tajiri gani asiye na..."

Akamwona Hallstein.

Hallstein akamwona yeye, na simu yake.

Wenche akaishusha simu.

"Ibilisi?" akauliza Mzee.

"Shetani?" nikasema mimi.

Wenche akaketi chini sakafuni, palepale. "Mungu wangu," akasema. "Milioni nzima na ushee tumepandishana wenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?" Hallstein akafoka. "Nyumba yako ni hatua mbili!"

"Na wewe kwa nini hukuniambia, mzee mzima?"

"Mambo hayo yanasemwa?"

"Kwani mimi ningeyasemaje?"

Nilianza kucheka. Wenche akafuata, kisha Mzee, tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko. Wale niliowaombea panya asubuhi nzima walikuwa hawa. Hakuna watu wengine duniani wangeweza kuharibu jambo kwa mtindo huu. Mtu mwenye akili zake angemwambia jirani, tuchange. Sisi tulilelewa kuweka mzigo mlangoni na kukimbia.

Mzee akafuta uso kwa kofia. "Yaliyopita yamepita. Saa sita inakuja. Sema ndiyo, Torgunn."

"Sisemi."

"Utanidharau?"

"Nitakuacha na nyumba yako, Mzee. Babu yako mpagazi hakubeba mizigo ya watu maisha yake yote ili wewe ulale darini kwangu."

"Ukikataa, Oddvar anakwenda mahakamani," akasema Wenche. "Watarudi wale wa Oslo."

"Warudi."

Nilisema warudi kwa mdomo tu. Nilijua mahakama haitaniuliza nilizaliwa wapi.

Simu ikalia. Eskil. Nikaiweka mezani ili wote wasikie.

"Mama, uko hapo? Usijibu chochote kwanza. Bei mpya imeingia. Mtu wa tatu, hakuwa kwenye mnada kabisa. Amempita wa kwanza kwa laki tatu."

Wenche akaruka kutoka sakafuni. "Mzee! Umeokoka!"

Damu ikaanza kumrudia Hallstein usoni. Hata mimi nilishusha pumzi, nusu ya kushukuru na nusu ya msiba. Nyumba inakwenda, lakini haiendi na jirani yangu.

"Ni Oslo wamerudi?" nikauliza.

"Siruhusiwi kutaja, ila si wao." Eskil akasita. "Kuna kitu ameniomba nikuulize. Sioni ubaya wake. Anauliza kama bado unaipiga nyonga ile droo ya jikoni."

Mvua ilikuwa ikinyesha. Nilisikia kila tone.

Siri ya droo ile tuliijua watatu. Mama yuko kaburini. Mwingine ni mimi.

"Pesa kazitoa wapi yule?" Wenche akanong'ona. Hakuhitaji kuambiwa jina. Alinisikia nikilia dirishani majira yote ya baridi Steinar alipoondoka, na kila asubuhi nilikuta uji mlangoni.

Hapo ndipo nilipovikumbuka viazi.

"Mzee," nikasema, "Jumamosi ulinibebea gunia?"

"Gunia? Siku hizi najibeba mwenyewe kwa shida."

"Wenche?"

"Na mgongo huu?"

Chini ya ngazi ya uani. Mahali pakavu. Ngazi hiyo pia aliitengeneza yeye.

"Mama, nahitaji jibu," Eskil akasema. "Bei ya wa kwanza ingali hai mpaka saa sita, na muuzaji humchagua amtakaye. Kaka yako anamtaka huyu mpya. Bila neno lako haiendi. Wewe unamtaka yupi?"

Nikiitikia kwa Hallstein, nabaki kwangu na yeye anakosa kwake. Nikiitikia kwa Steinar, Mzee anapona, nami nakuwa mpangaji wa mwanamume aliyeniachia sahani mbili mezani na supu inayopoa. Nikiwakataa wote, mahakama. Hallstein alikuwa akinitikisia kichwa, ndiyo, nichague mimi. Wenche alikuwa akinitikisia kichwa vilevile, ila hapana.

"Huyo wa droo yuko wapi sasa hivi?" nikauliza.

"Amesema yuko karibu. Yuko chini, kwenye benchi la mawe."

Nikasimama. Goti liliuma, nikasimama hivyohivyo.

"Mfikishie maneno yangu, Eskil. Mwambie viazi vimefika na havitoshi. Mwambie nimechoka na wema wa kuwekewa mlangoni mtu akakimbia. Kichochoro kizima kimeninunulia nyumba bila kunibishia hodi, na tazama tulikofika. Kama anaitaka nyumba hii, apande, abishe hodi, anitazame usoni aniambie anaitakia nini. Kabla ya saa sita."

"Mama, mnada una taratibu zake..."

"Taratibu zako kaziweke kwenye bakuli la malimau."

Nikakata. Nikafungua dirisha, ubaridi ukaingia na mvua yake. Wenche akaja upande huu, Hallstein upande ule, na hakuna aliyethubutu kuitazama saa ya ukutani.

Kisha hatua zikaanza kupanda ngazi, taratibu, zikisimama kila baada ya muda kama za mtu aliyebeba mzigo mzito.